Injini Haijui Majina

Kijiji cha Ujamaa Muungano,
Njia ya Mungaa, Ikungi.
16 Desemba 1974

Mzee Chhotalal,

Shikamoo.

Hunijui kwa jina, lakini lori ninaloliendesha liko uani kwako tangu jana. Ni lile la kijani la kijiji chetu, lililovutwa na trekta kutoka huku hadi Singida mjini. Mimi ni Anastazia Njiku, dereva wake. Watu wakisikia dereva ni mwanamke hucheka kwanza. Ukitaka kucheka, cheka, kisha unisome mpaka mwisho.

Udereva nilijifunza JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Niliporudi, kijiji kilikuwa kimepata lori na hakina mtu mwenye leseni, wakanipa. Jumamosi nilikuwa natoka Ikungi na magunia ya mbegu. Injini iligonga mara tatu, kama mtu anayebisha hodi, kikafuata kishindo, na oili ikamwagika barabarani. Basi.

Kamati ya kijiji itakaa mwezi wa pili. Mwenyekiti wetu, Ndugu Bonaventura, ameshasema mbele ya watu kwamba injini nimeiua mimi kwa kupiga resi. Anasema gari ni kama punda, ukimkimbiza mpaka mwisho ataanguka. Wazee wengine wanaongeza kwamba ndivyo inavyokuwa lori likipewa mwanamke.

Nakuuliza wewe unayezijua injini: je, kupiga resi mpaka mwisho kunaiua injini? Mimi nilipiga siku moja tu, tuliponasa kwenye tope. Na ilikuwa kidogo tu.

Nijibu kupitia duka la Ladha hapo Ikungi. Barua zetu tunazichukulia huko siku ya gulio.

Wako,
Anastazia Njiku


Singida Mjini
23 Desemba 1974

Binti Anastazia,

Marahaba. Sikucheka. Niliwahi kuwa na fundi hapa aliyesahau kukaza nati za gurudumu, na huyo alikuwa na ndevu mpaka kifuani.

Injini nimeifungua. Konrodi ya tano, yaani mkono unaoshika pistoni, imekatika na kutoboa ubavu wa bloku, mwili wenyewe wa injini. Ngumi yangu inapita kwenye tundu hilo.

Sasa nisikilize. Unasema ulipiga resi kidogo. Juu ya injini kuna vifimbo vinavyosukuma valvu zifunguke na kufunga. Kimoja kimepinda. Kifimbo hicho hakipindi kwa resi kidogo. Hupinda injini inapozungushwa upesi hata valvu zikashindwa kufunga kwa wakati, pistoni ikaja juu ikaikuta valvu bado iko mlangoni. Tangu siku hiyo lori lako lilikuwa likikohoa. Nadhani ulilisikia.

Kuna jambo jingine ndani ya injini hii ambalo sijalielewa. Sitalitaja mpaka nilielewe. Wewe niandikie yaliyotokea kama yalivyotokea. Mganga akidanganywa atatibu ugonjwa mwingine.

Chhotalal


Muungano
2 Januari 1975

Mzee Chhotalal,

Shikamoo. Nilikudanganya. Nisamehe.

Ilikuwa tarehe 3 Desemba, siku za mwisho za Operesheni katika tarafa yetu. Kaya zilizobaki kule mbugani zilitakiwa ziwe zimehamia kijijini kabla mvua haijashika. Nyuma nilikuwa na watu ishirini na saba, vitanda, mitungi, na kuku waliofungwa miguu. Hawakuwa na furaha. Mama mmoja mtu mzima aitwaye Hana alipanda na jiwe lake la kusagia, akalipakata njia nzima kama mtoto. Mwenyekiti alikaa mbele kando yangu.

Tulipofika korongoni maji yalikuwa ya vifundoni, nikaingia. Katikati magurudumu ya nyuma yakazama. Wanaume wakaruka kusukuma. Ndipo tukasikia maji yanakuja kutoka juu. Unaijua sauti ile, kama kundi la ng'ombe wanaokimbia. Nikapiga kelele kina mama washuke. Hana akajibu, "Sishuki. Mmenitoa kwangu, basi mnifikishe huko mnakotaka!" Wenzake wakabaki naye na watoto wao.

Hapakuwa na muda wa kubishana. Nilitia gia ya kwanza, nikakanyaga mpaka mguu ukagusa bati, nikashikilia. Injini ililia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, kama inaomba. Mguu sikuuondoa. Huenda ilikuwa dakika moja, huenda tatu. Lori likachomoka. Tulipogeuka kutazama, maji yalikuwa ya kiunoni pale tulipokuwa, na yalibeba gogo zima.

Na huyu Bonaventura anayenishtaki leo alikuwa akinipigia kelele sikioni, "Kanyaga! Kanyaga, Anastazia, kanyaga!" Hilo halisemi sasa, nami sijamkumbusha.

Ni kweli lilikuwa likikohoa tangu siku ile. Nililisikia nikanyamaza, maana mbegu zilikuwa zinasubiriwa na watu wageni kijijini hawakuwa na kitu cha kupanda.

Kwa hiyo niliiua mimi. Nataka tu kujua kama ni hivyo.

Anastazia


Singida Mjini
10 Januari 1975

Binti Anastazia,

Marahaba. Ahsante kwa kunieleza kweli. Sasa nami nikueleze ninayoyajua.

Mwenyekiti wako amekosea, na hakukosea. Umewahi kuzungusha kombeo la kufukuzia ndege shambani? Ukizungusha polepole, jiwe halina uzito. Ukizidisha mwendo mara mbili, jiwe halivuti mkono mara mbili, linavuta mara nne. Ndani ya injini kila pistoni ni jiwe la kombeo, na konrodi ndiyo kamba. Kwa hiyo resi ya mwisho inaumiza, usidanganywe na vijana wanaounguruma stendi wasikike. Inaumiza zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, kabla oili haijapanda. Na dereva anayeteremka mlima akarudisha gia ndogo ghafla anaiumiza kuliko wewe, kwa sababu hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kwa nguvu, hata mguu wake ukiwa haujagusa mafuta.

Lakini kuumiza si kuua. Aliyeiunda injini alijua siku moja mtu atanasa korongoni. Aliiacha na akiba ya nguvu kwa siku hiyo. Kinachoilinda ni oili, utando mwembamba kuliko karatasi hii, unaozuia chuma kisiguse chuma. Utando ukiwapo, injini inaweza kulia na kusamehe.

Sasa lile jambo ambalo sikulielewa. Juma lililopita mke wangu Maniben aliniletea chakula cha mchana. Nilikuwa nimepasha moto sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ili niisafishe. Akasimama mlangoni akauliza, "Nani anakaanga humu?" Nilikuwa nimeinusa injini ile wiki nzima nisijue nanusa nini. Ni alizeti. Mtu ametia mafuta ya kupikia mahali pa oili, na mengi. Mafuta hayo yakikaa kwenye moto mkali siku nyingi hugeuka. Chini ya sampu nimekuta ulimbo kama ule wa kunasia ndege, na njia ya oili ya konrodi ya tano imeziba kabisa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa oili nzuri, injini ingelia dakika zako tatu, ingepinda kifimbo kimoja, nami ningeitengeneza kwa siku moja. Kwa mafuta haya, hata bila resi yako, ingekufa tu, labda kufika Pasaka. Wewe uliisogeza siku karibu. Na siku kumi na moja ulizoliendesha likikohoa hazikusaidia.

Nani anatunza oili kijijini kwenu? Nitaiandikia kamati. Aliyefanya hivi asipojua kosa lake, atalirudia kwa injini mpya.

Chhotalal


Muungano
17 Januari 1975

Mzee wangu Chhotalal,

Shikamoo. Nakuomba usiandike.

Anayetunza oili ni baba yangu mzazi, Filipo Njiku, mtunza stoo wa kijiji. Oili alikuwa akiimimina mwenyewe asubuhi kabla sijafika. Mimi nilichomoa kijiti cha kupimia, nikaona imejaa, nikaridhika. Sikunusa.

Nilipopata barua yako nilimfuata uani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Baba, uliweka nini kwenye injini?"

Hakuacha kuchonga. "Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Oili iliisha. Alizeti ilikuwepo. Mafuta ni mafuta, mwanangu, yote yanateleza."

"Kwa nini hukuagiza oili mjini?"

Hapo aliacha kuchonga. Aliutazama mpini, akasema, "Ulikuwa Dodoma."

Nilielewa, na nataka nawe uelewe, kwa hiyo nakupa siri ambayo kijiji hakiijui. Baba hajui kusoma wala kuandika. Alipochaguliwa, daftari la stoo niliandika mimi nyumbani, yeye akinitajia. Nilipokuwa JKT alishika kila kitu kichwani, kila jembe na kila kopo, akanitajia niliporudi, na hakukosea hata kimoja. Mwezi wa kumi nilikwenda Dodoma wiki nne kwa ajili ya leseni ya magari makubwa. Ndipo oili ikaisha. Barua ya kuagiza ilitakiwa iandikwe, na hakuwa na mtu wa kumwomba bila kujulikana. Mwenyekiti alipomuuliza, akajibu kwamba ameshaagiza, mjini wanachelewesha. Kisha Operesheni ikaja, lori likahitajika kila siku, na uongo wa kwanza ukamfunga.

Mzee, naomba uandike kwamba ni resi. Si uongo mtupu, umesema mwenyewe niliisogeza siku. Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Wakiniondolea lori, nitalima. Lakini baba wakimwita mhujumu, jina hilo litamfuata mpaka kaburini. Ni mtu ambaye hajawahi kuchukua hata msumari wa stoo.

Nakusihi.

Binti yako,
Anastazia


Singida Mjini
24 Januari 1975

Binti Anastazia,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Jana sikufanya kazi.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye gereji hapa hapa Singida, pamoja na mwenzangu aitwaye Kefa. Siku moja nilisahau kitambaa ndani ya injini ya bwana mmoja. Injini ikafa. Tajiri akauliza nani alifunga, na kabla sijafungua mdomo akamtazama Kefa, kwa sababu ndivyo macho ya matajiri yalivyokuwa yakitazama siku zile. Kefa alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Akafukuzwa jioni ile, nikasikia amekwenda Mitundu kulima. Imepita miaka ishirini na mitatu. Nimewahi kwenda Mitundu mara mbili kumtafuta, na sikumpata. Huyo ni mtu niliyemwacha abebe kosa langu.

Wewe unataka kubeba la mwenzako kwa hiari. Ni tofauti, najua. Lakini mimi nikiandika uongo, nitakuwa nimetazama chini mara ya pili.

Kwa hiyo nimeandika ilivyo: kifimbo kilichopinda kwa resi, na ulimbo uliotokana na mafuta ya alizeti, na kipi kiliua. Nani alimimina, sikuandika. Injini haijui majina, nami najua mambo ya injini tu. Barua ya kamati nimeiweka humu pamoja na hii, bila kuifunga. Ukiamua kuichana, utakuwa umeichana wewe.

Neno moja kuhusu baba yako. Mtu anayeshika stoo nzima kichwani miezi kadhaa bila kukosea si mjinga. Amechoka tu kujificha. Unadhani ukimfunika tena utakuwa umempumzisha?

Chhotalal


Muungano
6 Februari 1975

Mzee wangu Chhotalal,

Shikamoo. Sikuichana, na sikuipeleka. Niliziweka barua zako mbili za mwisho, yangu na ya kamati, chini ya godoro mpaka siku ya kamati, tarehe mosi, nikajiambia kwamba asubuhi nitaamua. Asubuhi nilipoinua godoro hazikuwapo.

Tulikaa kwenye darasa la shule. Watu walijaa, wengine wakasimama madirishani. Mwenyekiti alisoma shtaka: dereva aliharibu mali ya wote kwa kupiga resi kupita kiasi. Akaniuliza nina la kusema. Nikasimama nikasema, "Ni kweli. Nilipiga resi mpaka mwisho. Kosa ni langu peke yangu."

Mama Hana akasema kutoka nyuma, "Na wewe Bonaventura, siku ile mle ndani ulikuwa unapiga kelele gani? Sisi nyuma tulikusikia." Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akafuta miwani yake, akasema tuendelee.

Ndipo baba akasimama. Mkononi alikuwa na karatasi. Nilizijua.

"Hizi barua," alisema, "nilizichukua chini ya godoro la mwanangu, nikazipeleka kwa katekista Andrea anisomee. Nilimwomba anisomee, kwa sababu mimi sijui kusoma."

"Ya kwanza ni ya kamati. Andrea, wasomee."

Andrea akasoma yote uliyoandika. Alipomaliza, baba alisema, "Aliyemimina alizeti ni mimi. Oili iliisha, nikashindwa kuandika barua, nikasema nimeiandika. Huyu mtoto amesema uongo sasa hivi mbele yenu. Ni mara yake ya kwanza, na amesema kwa ajili yangu."

Mjumbe mmoja akasimama kwa hasira. "Filipo! Miaka mitatu unashika stoo yetu! Kwa nini hukusema hujui kusoma?"

Baba akamjibu polepole, "Hamkuniuliza. Mliniuliza kama mimi ni mwaminifu."

Mzee, sijui nikuelezeje. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemtetea. Yule mjumbe alikaa tu chini. Wengine nusu ya darasa, nilivyowatazama, nao hawajui kusoma, na walikuwa wanatazama miguu yao.

Walijadili mpaka saa nane mchana. Mtu mmoja alilitamka neno hujuma, na mwenyekiti mwenyewe akalikataa. Alisema hujuma ni ya mtu anayetaka kubomoa, na huyu alitaka lori litembee. Baba ameondolewa stoo. Atafanya siku zaidi kwenye shamba la kijiji mpaka mavuno. Mimi nimesimamishwa kuendesha kwa mwaka mmoja, kwa kuendesha gari nikijua ni bovu na kwa kudanganya kamati. Naona ni haki, ingawa nililia. Lori litasubiri bloku mpaka kijiji kivune.

Tulirudi nyumbani, baba mbele, mimi nyuma. Mpaka leo hatujaongea, ila ya chakula na mbuzi. Sijui kama amekasirika kwamba nilikueleza siri yake, au kwamba nilisema uongo. Naogopa kumuuliza.

Anastazia


Singida Mjini
15 Februari 1975

Binti Anastazia,

Nimemsomea Maniben barua yako. Nilipofika kwenye jibu la baba yako alinisimamisha nirudie.

Mwaka mmoja bila kuendesha ni mrefu. Wanangu wawili wako mbali na hawataki mikono yenye grisi. Njoo ujifunze kufungua kile ulichokuwa ukikiendesha. Utalala kwa dada ya mama yako uliyewahi kumtaja kwa mtu wa trekta aliyelivuta lori, yule wa karibu na soko, na mchana utakula kwetu. Nitakufundisha kwa ukali, maana sijui njia nyingine. Kazi ya kwanza itakuwa kuikwangua sampu ya lori lenu.

Muombe baba yako ruhusa. Msipoongea juu ya jambo lingine, ongeeni juu ya hilo.

Chhotalal


Muungano
12 Oktoba 1975

Mwanangu Anastazia,

Naandika mimi mwenyewe. Mwalimu yuko kando, lakini ameshika mikono yake nyuma. Nimemwambia asinisaidie.

Nilianza kisomo cha watu wazima mwezi wa tatu, ulipokwisha kwenda mjini. Tuko watu arobaini. Yule mjumbe aliyenifokea anakaa benchi moja na mimi. Siku ya kwanza hatukutazamana. Mwezi wa nane tulifanya mtihani. Mimi nilifaulu. Yeye bado, namsaidia herufi.

Mama yako ni mzima. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Mtunza stoo sasa ni Martina. Ni mzuri. Huja kuniuliza mahali pa vitu.

Ulipoomba ruhusa ya kwenda kwa Mzee Chhotalal nilisema, "Nenda," neno moja. Ukadhani nina hasira. Niliona uso wako. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na maneno mengi, na maneno yangu huja baada ya mtu kuondoka. Sasa naweza kuyafuata kwa karatasi.

Siku ile darasani uliposema kosa ni lako peke yako, niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Na nilifurahi kuliko siku zote. Vyote viwili kwa pamoja. Sikujua mtu anaweza kuwa na vyote viwili kifuani na asianguke. Kwa hiyo nilikaa kimya mwezi mzima. Nilikuwa nimevishika.

Usiseme tena uongo kwa ajili yangu. Kama utasema, basi uwe mdogo.

Barua hii imenichukua siku tatu. Uisome polepole.

Baba yako,
Filipo Njiku